NYAMA SI YA CHUNGU TU
Somo juu ya wanyama na afya ya moyo na ya akili

Na kapita wa shule, darasa la sita



Kiswahili cha kwetu Uvira kina jambo moja la kufikirisha. Neno «nyama» ni lile lile kwa mbuzi anayetembea avenyu na kwa kile kinachochemka chunguni. Watu wa Dar es Salaam au Mombasa hutofautisha: yule anayetembea ni mnyama, kile kinacholiwa ni nyama. Lakini kwetu, ukimwonyesha mtoto wa Kavimvira picha ya simba, atakuambia bila kusita: «Ile ni nyama.» Hatusemi kwamba ni kosa, ni luga yetu na tunaipenda. Tunasema tu kwamba neno hilo linaonyesha vile tumezoea kumtazama mnyama: ana kilo ngapi, atauzwa franka ngapi, ataliwa siku gani. Katika somo hili tunataka kutazama kazi nyingine ya mnyama, ambayo haipimwi kwa kilo: kazi ya kuutuliza moyo wa mtu na kuisaidia akili yake.

KWA NINI TUNAANDIKA

Kila mtu hapa shuleni anajua kwamba nyuma ya jiko la internati kuna kibanda kidogo cha mbao na wavu. Ndani yake mna sungura 3, na kobayi ambao hesabu yao inabadilika kila mwezi (ninyi wenyewe mnawajua kobayi). Kibanda hicho kilianzishwa na wanafunzi wachache wa internati wanaotoka Fizi na kule milimani, kwa ruhusa ya mdomo tu. Sasa swali limefika katika mkutano wa makapita: kibanda kibaki, ao kiondolewe?

Wanaotaka kiondolewe wana sababu zao, na sababu hizo si za bure. Kuna harufu wakati wa mvua. Kuna panya wanaofuata mabaki ya chakula. Kuna wanafunzi wanaochelewa etidi ya asubuhi juu wako wanakata majani. Na kuna wale wanaocheka tu na kusema: «Mutu mukubwa wa miaka kumi na saba anaongea na kobayi, iko muzima kweli?»

Kati yetu makapita wenyewe mawazo yaligawanyika. Prefe wa masomo alituambia tulete mawazo yaliyofikiriwa, tuache makelele, mbele ya mwisho wa semestri. Basi tulisoma, tukauliza mwalimu wa biolojia na mwalimu wa dini, tukakusanya haya yafuatayo ili kila mmoja apime mwenyewe.

1. MZIGO TUNAOUBEBA

Kwanza tuseme ukweli juu ya hali yetu. Wengi wetu tulikuwa bado shule ya msingi usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, wakati mvua ilinyesha milimani na mto Mulongwe ukaacha njia yake. Watu walikufa kwa makumi, nyumba zilibomoka kwa maelfu, na jamaa nyingi zililala makanisani na mashuleni. Nyuma ya hapo ziwa nalo lilipanda na kuingia katika nyumba za kando. Tena wako wenzetu waliokuja hapa kwa kukimbia vita, wengine mara mbili, wengine mara tatu. Kavimvira ni mpakani. Sisi tunaokaa karibu na barabara ya kwenda Gatumba tumeona watu wakivuka na godoro kichwani, mtoto mgongoni, na mbuzi mmoja kwa kamba.

Mambo kama haya hayaishi siku mtu anapopata paa mpya. Yanabaki ndani. Mmoja halali usiku. Mwingine akisikia mvua kubwa moyo unamwenda mbio. Mwingine anakaa darasani lakini mwalimu akimwita hasikii. Mwingine anakasirika kwa neno dogo, kisha anajuta. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilieleza mwaka 2019 kwamba katika nchi zilizopigwa na vita karibu mtu 1 kwa watu 5 ana shida fulani ya afya ya akili, toka huzuni na wasiwasi hata magonjwa mazito. Fanya hesabu katika darasa la watu 50, utaona.

Kwetu mara nyingi shida hizi zinapewa majina mengine. Tunasema ni karuho, ni kulogwa, ni pepo, ni uvivu, ni kiburi. Kwa hiyo mwenye shida ananyamaza, anaogopa kuchekwa. Ukimya huo ndio mzigo wa pili juu ya mzigo wa kwanza. Na ni hapa ndipo mnyama anapoingia katika somo letu, maana kuna mambo ambayo mtu hawezi kumwambia mtu, hata hivi anaweza kukaa nayo karibu na mnyama.

2. WATU WA ZAMANI WALIJUA

Jambo hili si jipya. Fungueni 2 Samweli sura ya 12. Nabii Natani alipotaka kugusa moyo wa mfalme Daudi, alimsimulia habari ya maskini aliyekuwa na mwana-kondoo jike mmoja tu. Kondoo huyo alikua pamoja na watoto wa nyumba, alikula chakula cha yule maskini, alikunywa katika kikombe chake, alilala kifuani mwake, akawa kwake kama binti. Kisha tajiri akamnyang'anya maskini kondoo yule, akampikia mgeni wake. Daudi aliposikia, hasira yake iliwaka mara moja, kabla hajajua kwamba habari inamhusu yeye. Tuangalie hapa: Natani hakuhitaji kueleza kwa nini maskini alimpenda kondoo. Daudi alikuwa mchungaji toka utoto, alielewa. Tajiri yule aliona nyama ya chungu. Maskini aliona mtu wa nyumbani.

Wafugaji wa kwetu wanaelewa pia. Kule Itombwe na Minembwe, vilevile katika uwanda wa Ruzizi, ng'ombe ana jina lake, na akiitwa anageuza kichwa. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, salamu ya zamani ni «amashyo», maana yake kumtakia mwenzako makundi ya ng'ombe. Ndiyo sababu mzee aliyenyang'anywa ng'ombe wakati wa vita hahesabu hasara ya mali tu. Wengine wanakaa kimya miezi, chakula hakishuki. Mtu asiyefuga anasema: «Si atanunua wengine?» Lakini mzee amepoteza mali, na amepoteza tena kazi ya kila asubuhi, na wale waliojua sauti yake.

Katika Ulaya nako, watu wa kanisa walikuwa kati ya wa kwanza kutumia wanyama kwa kusaidia wagonjwa wa akili. Wakati ule wagonjwa walikuwa wanafungwa minyororo na kupigwa. Mwaka 1796, katika mji wa York, Uingereza, William Tuke na wenzake wa dhehebu la Marafiki (Wakwekeri, ndugu wa kiroho wa wale wenye makanisa Abeka, huko Fizi) walifungua nyumba ya kutunza wagonjwa kwa upole. Katika viwanja vya nyumba ile waliweka sungura, kuku na ndege wengine, ili wagonjwa wawe na kitu cha kutunza na cha kupenda. Waliona kwamba mtu anayesahauliwa na wote, akipewa kiumbe kidogo kinachomtegemea, anaanza kujitawala tena.

3. WATAALAMU WALIONA NINI

Karibu na wakati wetu wataalamu walianza kupima jambo hili. Tutataja watatu tu.

Wa kwanza ni Boris Levinson, mtaalamu wa saikolojia aliyefanya kazi New York. Alikuwa na mbwa jina lake Jingles. Kama alivyosimulia mwenyewe, siku moja waliletwa kwake wazazi na mtoto wao mbele ya saa waliyopatana, na mbwa alikuwa bado chumbani. Mtoto yule, ambaye watu wazima walishindwa kumfikia, akaanza kucheza na mbwa. Siku zilizofuata alikuja kwa ajili ya mbwa, na polepole akaanza kumkubali daktari pia. Mwaka 1962 Levinson aliandika juu ya mbwa kama msaidizi wa daktari. Wenzake wengi walimcheka. Leo kazi ya namna ile inafanywa katika hospitali na mashule ya nchi nyingi.

Wa pili ni Erika Friedmann wa Marekani. Mwaka 1980 yeye na wenzake walitoa habari za wagonjwa 92 wa moyo waliofuatwa kwa mwaka 1 toka walipotoka hospitali. Wagonjwa 53 walikuwa na mnyama nyumbani: katika hao walikufa 3. Wagonjwa 39 hawakuwa na mnyama: katika hao walikufa 11. Hesabu hiyo ilishangaza wengi. Lakini tuwe waangalifu kama mwalimu wetu wa biolojia anavyotufundisha: uchunguzi mwingine uliokuja nyuma haukupata tofauti kubwa kama ile, wengine hawakupata tofauti yoyote. Kwa hiyo hatuwezi kusema «fuga paka, hutakufa». Tunaweza kusema kwamba kuna jambo lenye kustahili kuchunguzwa.

Wa tatu ni wataalamu wa Japani, mwaka 2015. Walipima mkojo wa watu na wa mbwa wao mbele na nyuma ya kukaa pamoja. Waliona kwamba mbwa na bwana wake wakitazamana machoni kwa muda mrefu, katika miili ya wote wawili inaongezeka homoni inayoitwa oksitosini. Homoni hiyo ndiyo ile inayofanya kazi mama anaponyonyesha na kumpenda mtoto wake. Maana yake mapendo kati ya mtu na mbwa wake yanaonekana hata katika mwili, hayako katika mawazo ya mtu tu.

4. MNYAMA ANASAIDIA KWA NJIA GANI?

Tukiyaweka pamoja haya yote na yale tunayoyaona kwetu, tunapata njia 5.

a) Haulizi maswali. Mtu mwenye huzuni anachoshwa na «una nini? kwa nini? tangu lini?». Mbuzi haulizi. Anakuja, anatafuna, anakaa. Hatoboi siri, na hakucheki ukilia.

b) Anaguswa. Toka tukiwa wakubwa, hasa sisi wavulana, hakuna anayetushika mkono wala kutubeba. Kumpapasa mnyama mwenye manyoya na joto kunapunguza kasi ya moyo kwa watu wengi, na pumzi inatulia.

c) Anatoa kazi ya kila siku. Huzuni nzito humfunga mtu kitandani, anaona kesho haina maana. Lakini sungura hajui huzuni yako, anataka majani saa kumi na mbili. Unaamka kwa ajili yake, na ukiisha kuamka, unakuwa umeamka kwa ajili yako pia.

d) Anamrudisha mtu katika saa ya sasa. Mwenye hofu akili yake inakaa katika usiku ule wa mafuriko ao wa risasi. Mnyama hana jana. Ukimlisha unatazama mkono wako, majani, midomo inayotikisika. Kwa dakika kumi uko hapa, si kule.

e) Anafungua mlango kwa watu. Mtu asiyezungumza ataulizwa: «Kobayi wako amezaa wangapi?» Hilo ni swali analoweza kujibu. Toka hapo mazungumzo mengine yanaweza kuzaliwa.

5. MFANO WA KIVU, NA MFANO WA ZIWA LETU

Wengi mmesikia habari za Ndakasi, gorila wa Virunga. Mwaka 2007 mama yake aliuawa kwa risasi, na walinzi wa mbuga walimkuta yeye, mtoto wa miezi 2 hivi, ameshikamana na maiti. Mlinzi Andre Bauma alimshika kifuani usiku wa kwanza ili joto la mwili wake limsaidie kuishi. Baadaye Ndakasi alitunzwa katika kituo cha Senkwekwe, Rumangabo, kilichoanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya gorila yatima. Bauma alibaki na yatima wale hata wakati vita vilipokaribia mwaka 2012. Ndakasi alikufa tarehe 26 Septemba 2021 nyuma ya ugonjwa wa muda mrefu, kichwa chake kikiwa kifuani mwa Bauma yule yule. Bauma amesema mbele ya watu kwamba alimpenda kama mtoto wake.

Tunajifunza nini? Kwamba faraja ilitembea pande mbili. Yatima alipata mzazi. Na mlinzi, katika kazi ambayo wenzake wengi wameuawa, alipata mtu wa kumngojea asubuhi.

Mnyama naye ana moyo unaovunjika. Ng'ambo ya ziwa letu, Gombe karibu na Kigoma, Jane Goodall alianza kuchunguza sokwe mwaka 1960. Mwaka 1972 mama mzee Flo alikufa. Mtoto wake Flint alikuwa na miaka 8 na zaidi, umri ambao sokwe anaweza kujitafutia chakula. Hata hivi aliacha kula, akajitenga na wengine, na majuma machache nyuma ya hapo akafa naye. Basi mtu asiseme kwamba wanyama hawajui kuomboleza. Sisi tuliofiwa tunamtambua Flint bila kufundishwa.

Lakini hapa kuna onyo kubwa. Ndakasi hakuwa mnyama wa kufugwa. Alikuwa yatima kwa sababu watu walimuua mama yake. Huko Lwiro, katika Kabare, kuna kituo kinachopokea sokwe na nyani walionyang'anywa kwa wawindaji na wauzaji. Karibu kila mtoto wa sokwe anayeuzwa barabarani, mama yake aliuawa kwanza. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya kuhifadhi viumbe vya asili inakataza mambo haya. Kwa hiyo mtu akileta kima ao kasuku hapa shuleni na kusema «ni kwa faraja ya moyo», hatutamkubalia. Faraja inayoanzia katika uyatima wa mwingine si faraja.

6. TURUDI KWA KOBAYI WETU

Katika Kivu ya Kusini kobayi ni mnyama wa watoto na wa mama. Anakaa jikoni, anakula majani na maganda, hahitaji shamba wala pesa mingi. Tena wakati wa kukimbia, ng'ombe anabaki, mbuzi ananyang'anywa, lakini kobayi wawili wanaingia katika kikapu, hakuna askari anayewaona. Watoto wengi wa kwetu wamekimbia hivyo, wakibeba kitu kimoja kilicho hai kutoka nyumba iliyobaki nyuma. Si ajabu basi kwamba wa kwanza kujenga kibanda chetu walikuwa wanafunzi waliokimbia.

Sisi makapita tumekaa karibu na kibanda kile majuma kadhaa ili tuone kwa macho. Hatutataja jina la mtu. Tumeona mwanafunzi ambaye hasemi neno refekteri, lakini kibandani anafundisha wadogo wa darasa la kwanza namna ya kushika sungura bila kumvuta masikio. Tumeona wawili waliokuwa wamegombana toka mwezi uliopita, wakikata majani pamoja sababu zamu yao iliangukia siku moja. Tumeona pia mabaya: maji machafu, majani yaliyooza, na siku moja ya Posho kibanda kilisahauliwa mpaka mchana. Mnyama aliyesahauliwa hafariji mtu. Anakuwa yeye mwenyewe mwenye kuteswa.

Kuna swali gumu ambalo wengi walituuliza: «Mutawapenda, kisha mutawakula?» Hatutalikimbia. Kwetu sungura anauzwa ili kulipa minervali, na kobayi anakuwa kitoweo mgeni akifika. Mchungaji wa ng'ombe anaishi na jambo hili maisha yake yote: anampa ng'ombe jina, anamlilia akiugua, na siku ya mahari anamtoa. Yeye haoni kwamba anajidanganya. Lakini yeye hamtesi, hamnyimi maji, wala hamtoi bila sababu, na hamnyang'anyi mtoto ng'ombe anayempenda bila kusema naye. Tajiri wa Natani alikosea kwa sababu alichukua kile kimoja cha mwenzake, bila huruma na bila kuuliza. Kwa hiyo mawazo yetu ni haya: kibandani pawe na wanyama wa kuuza, lakini wale ambao mwanafunzi amewalea toka wadogo wasiuzwe wala kupikwa bila yeye kukubali.

7. MIPAKA

Ili mtu asituelewe vibaya, tunaweka mipaka wazi.

Mnyama si daktari. Mwenzako asiyelala majuma mengi, anayesikia sauti zisizokuwako, ao anayesema anataka kufa, usimpe sungura na kwenda zako. Kaa naye, mwambie mwalimu, muuguzi ao mchungaji siku ile ile. Bukavu kuna SOSAME, na Bujumbura kuna hospitali ya Kamenge, ambako wagonjwa wa akili wanatunzwa. Kwenda kule si aibu, kama kutibiwa malaria si aibu.

Mnyama anaweza kuleta ugonjwa. Wazimu wa imbwa ukiisha kuonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Ukiumwa na mbwa, paka ao kima, osha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya kuchomwa shindano, hata kama kidonda ni kidogo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Tena nyuma ya kushika mnyama yeyote, nawa mikono mbele ya kula.

Mnyama hapendwi na wote. Wako wenye kumwogopa mbwa kwa sababu waliumwa, na wako wenye kifua kinachobana karibu na manyoya. Wasilazimishwe wala wasichekwe.

Mwisho, mnyama atakufa mbele yetu, maana maisha yake ni mafupi. Siku hiyo mwenye kulia aachwe alie. Wengine watasema: «Ni kobayi tu.» Lakini kwa mtoto ambaye hakupata nafasi ya kuzika watu wake, kumzika kobayi kunaweza kuwa mazishi ya kwanza aliyoruhusiwa kulia vizuri.

8. TUNACHOOMBA

Nyuma ya kupima haya yote, sisi makapita tumepatana juu ya mambo 4, nasi tunayaweka mbele ya wakubwa wetu na mbele yenu.

Kwanza, kibanda kibaki, lakini kihamishwe mbali na jiko, upande wa shamba la mihogo, na sakafu yake iinuliwe kwa mbao ili usafi uwe rahisi.

Pili, zamu iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa, pamoja na siku ya Posho na siku ya Mungu. Mwenye zamu amalize mbele ya kengele ya etidi. Anayekosa mara tatu aondoke kwenye orodha.

Tatu, mwanafunzi yeyote aweze kuomba zamu, asiulizwe sababu.

Nne, mawe yakome. Tunasema juu ya mbwa wa sentineli wetu, ambaye kila jioni anapigwa mawe na wanafunzi wanaotoka mpirani. Mbwa yule anakesha na mzee usiku wote, na mzee hana mwenzake mwingine pale langoni. Anayempiga mbwa yule anampiga na mzee.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Katika 2 Samweli 12, kwa nini Natani alichagua habari ya kondoo, hakuchagua habari ya pesa ao ya shamba?
2. Katika zile njia 5, ni ipi umeiona kwenu nyumbani? Eleza bila kutaja jina la mtu.
3. Uchunguzi wa mwaka 1980 ulionyesha tofauti kubwa. Je, inaweza kuwa wenye wanyama walikuwa na sababu nyingine ya kuishi? Taja mbili.
4. Kuna tofauti gani kati ya mapendo ya Bauma kwa Ndakasi na tamaa ya mtu anayenunua mtoto wa sokwe sokoni?
5. Mwenzako ananyamaza siku nyingi. Utafanya nini wewe mwenyewe, mbele ya kumtafutia mnyama ao daktari?

Majibu ya darasa zima yaandikwe kwenye karatasi moja na kupewa kapita wa darasa mbele ya Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Yatasomwa katika mkutano pamoja na prefe wa masomo, na shauri la kibanda litakatwa siku hiyo. Asiyekubaliana nasi aandike vilevile. Karatasi yake itasomwa kama zingine.